Ghala la Pembe na Njia ya Salaita

Kando ya Mto Thames jijini London, hatua chache kutoka Tower Bridge, kuna jengo linaloitwa Ivory House. Nyumba ya Pembe. Lilijengwa miaka ya 1850, Malkia Victoria akiwa kitini, na mchoro wake ulikuwa wa George Aitchison. Ni matofali na chuma, na juu yake kuna mnara wa saa. Siku hizi kuna fleti za watu wenye pesa, na mbele yake mashua za starehe zimefungwa kwenye gati. Lakini lilijengwa liwe ghala. Godauni, tungesema Mombasa.

Bandari yenyewe, St Katharine Docks, ilifunguliwa mwaka 1828. Ili ichimbwe, zaidi ya watu 11,000, wengi wao maskini, walifukuzwa makwao. (Hii ya kubomolea watu nyumba kwa jina la maendeleo haikuanzia Nairobi.) Bandari ilifungwa 1968, na maghala yake mengi yakabomolewa. Ivory House likabaki, na leo linalindwa na sheria ya Uingereza kama jengo la kihistoria.

Sasa, mtu wa Voi anaingiaje kwenye stori hii?

Inasemekana kwamba enzi za kilele chake, ghala hilo lilipitisha karibu tani 200 za pembe za ndovu kwa mwaka. Pembe za kutoka pande nyingi za dunia, na za Afrika Mashariki zilisifiwa sana kwa ulaini wake. Fundi alizikata bila kupasuka, zikatoka funguo za piano, mipira ya biliadi, vitana, mipini ya visu. Hazikuruka zikafika Thames. Zilibebwa begani.

Mojawapo ya njia zake ilipita kwetu. Msafara ulitoka Mombasa, ukavuka nyika kavu ya Taru, ukapumzika Maungu na Ndara, ukafika Bura chini ya vilima vya Taita. Baada ya Bura ndipo kazi ilipoanza, maana kutoka hapo hadi Mto Lumi hakuna maji ya kuaminika. Ni uwanda, miba na jua. Kilima kidogo cha Salaita kinasimama upande huo wa mwisho, karibu na Taveta. Ukipita leo kwa matatu juu ya lami utakiona kwa dakika chache tu, halafu basi. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 30 hivi alikiona kwa muda mrefu zaidi.

Taveta kwenyewe kulikuwa kama stejini. Msitu mnene kando ya Lumi, njia za kuingilia zimefungwa kwa malango ya magogo, na ndani yake wenyeji waliuza chakula kwa wafanyabiashara wa Pwani waliopiga kambi kabla ya kuingia Umasaini. Joseph Thomson alipita hapo 1883, Teleki na von Höhnel wakafuata 1887. Hao ndio tunaosomeshwa shuleni, kwa sababu waliandika vitabu. Wapagazi wao, na wale wa misafara ya pembe, walilipwa, wakatoroka, wakafa kwa kiu, na wengi wao hata jina halikubaki. Mali iliyokwenda bara ilikuwa vitambaa vya merikani, ushanga, nyaya. Iliyorudi Pwani ni pembe.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901, mwaka uleule Victoria alipofariki, na msafara wa miguu ukakosa kazi. Lakini mabega hayakupumzika. Agosti 1914 Wajerumani waliteka Taveta, wakajichimbia Salaita. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi hadi Maktau mwaka 1915, wakifuata kwa sehemu kubwa upande uleule wa misafara. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima hicho wakarudishwa nyuma, na waliosaidia kuwaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao hao Makaburu walikuwa wakiwadharau. Na nyuma ya majeshi yote, vyakula na risasi vilibebwa na Kariakor. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Ukitafuta habari za Salaita leo, utapata vita hivyo. Siku moja ya Februari imemeza karne nzima ya misafara. Vita vina makaburi na namba za vikosi, kwa hivyo vinakumbukika kirahisi. Njia ya miguu haina ukuta wa kupiga picha.

Kuna kundi jingine nisilotaka kulipita haraka. Wata, wengine huwaita Waliangulu, walikuwa wawindaji wa ndovu wa Tsavo, wenye upinde mzito mno na mishale ya sumu. Wao walikuwa mwanzo wa ule mnyororo unaoishia kwenye mnara wa saa. Tsavo ikafanywa hifadhi mwaka 1948, na katikati ya miaka ya 1950 ikaja operesheni kali dhidi ya ujangili. Wawindaji wa Wata walikamatwa, wakafungwa jela. Hebu pima: kazi moja, bidhaa moja. Kwenye ncha hii ya njia mtu anaitwa jangili na kutiwa pingu. Kwenye ncha ile, ghala linaitwa urithi na kuwekewa ulinzi wa sheria.

Sisemi ndovu waachiwe mishale, bana. Wala sitaki Ivory House libomolewe. Lingebomolewa tungepoteza ushahidi. Nataka tu likihesabiwa urithi, hesabu isiishie kwa msanifu na mihimili ya chuma. Uzito wa jengo lile ni Bura, ni Lumi, ni kiu ya uwanda wa Salaita. Ni letu pia, hata kama fleti zake hatutalala kamwe.

Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, dunia ikatazama. Tarehe 30 Aprili 2016 zikachomwa tani 105 palepale, milima ya pembe ambayo moto wake uliwaka siku kadhaa. Ni kama nusu ya zile ambazo ghala lile lilipokea kwa mwaka mmoja.