SAFU YA LUGHA: Ufanisi si ujazo

Tangazo la zabuni lililonifikia juzi linataka "kuongeza ufanisi wa hifadhi ya data". Ukisoma orodha ya vinavyonunuliwa, ni diski tu: mpya, kubwa, nyingi. Huko ni kuongeza ujazo. Ufanisi umetoka katika kufana, kitenzi kile kile cha "harusi imefana", na siku hizi unabeba pia maana ya kupata matokeo mazuri bila kupoteza muda, nguvu wala nafasi. Mfanyabiashara wa mpunga wa Kagongwa, kule Kahama, akijenga ghala la pili ameongeza ujazo. Akipanga magunia hadi lile la kwanza likameza shehena yote, hapo ndipo pa kusema ufanisi.

Kwenye vituo vya data, kama kile cha taifa cha Kijitonyama, Dar es Salaam, kupanga huko kuna njia zake. Faili lililojirudia mara mia hutunzwa nakala moja, kwingine vikabaki vielekezi tu. (Nakala ya dharura ni jambo jingine, hiyo msiiguse!) Data hubanwa. Zisizosomwa mara kwa mara huhamishiwa kwenye tepu, ambazo zikikaa kwenye rafu hazili umeme.

Wengine huandika tija badala ya ufanisi, neno litokalo katika Kiarabu natija, yaani matokeo. Tija ni faida itokanayo na kazi. Kituo kinaweza kubana data kwa ufanisi mkubwa, na data zenyewe zisiwe na tija kwa yeyote.