Biltong: Kutoka Gari la Maksai hadi Meza ya Wakwepa Wanga

Meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki zilipotia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, Wakhoikhoi na Wasan walikuwa wakianika nyama tangu enzi. Waholanzi waliongeza siki na viungo, hasa giligilani na pilipili manga, na kutokana na ujuzi wa pande zote mbili ikapatikana biltong. Masimulizi mengi humpa Mholanzi sifa peke yake, utadhani jua na upepo navyo alikuja navyo melini.

Kanuni yake ni nyepesi. Mnofu wa paja hukatwa vipande virefu kwa kufuata nyuzi za nyama, ukalowekwa katika siki, ukapakwa chumvi, giligilani iliyokaangwa na kutwangwa, na pilipili manga, kisha ukatundikwa. Chumvi hunyonya maji, siki huvizuia vijidudu, upepo humaliza kazi. Haupiti motoni hata kidogo. Ndiyo maana majira ya biltong yalikuwa kipupwe: bara ya Afrika Kusini huwa kavu na ya baridi miezi hiyo, na inzi ni wachache.

Chakula hiki ndicho kilichowabeba Makaburu katika msafara wao mkubwa wa miaka ya 1830, walipoihama Rasi kwa magari ya maksai, na ndicho kilichokaa mifukoni mwa wapiganaji wao katika vita dhidi ya Waingereza, 1899 hadi 1902. Baada ya kushindwa, baadhi yao walihamia kaskazini. Wako waliofika Arusha enzi za Wajerumani, na mwaka 1908 kundi kubwa lilishuka Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, likapandisha magari yake hadi Uasin Gishu.

Afrika Mashariki, hata hivyo, haikumngoja Kaburu iijue nyama kavu. Kaskazini mwa Kenya, kina mama wa Kisomali na Kiborana hukata nyama ya ngamia vipande vyembamba, wakaianika, wakaikaanga na kuihifadhi ndani ya mafuta yake au samli isiyopitisha hewa. Hiyo ndiyo nyirinyiri. Msafiri akiwa na chombo kimoja, njaa ya siku nyingi imepata jibu. Kwa maoni yangu, ni ufundi wa juu kuliko biltong, ila haukupata mtu wa kuupigia debe.

Biltong ilimpata, tena kwa njia isiyotarajiwa. Kisa chake kinaanza na William Banting, msimamizi wa mazishi jijini London. Kampuni ya ukoo wake ndiyo iliyoshughulikia mazishi ya Duke wa Wellington mwaka 1852. Alinenepa mpaka kushuka ngazi kukawa taabu. Daktari wake, William Harvey, akamkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Alipungua zaidi ya kilo 15, na mwaka 1863 akachapisha kijitabu kuueleza umma. Jina lake likageuka kuwa jina la mlo.

Karne moja na nusu baadaye jina hilo lilifufukia Afrika Kusini. Profesa Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyekuwa amewashauri wakimbiaji kwa miaka mingi wale wanga kwa wingi, aligeuka akaupinga, na mwaka 2013 yeye na wenzake wakatoa kitabu The Real Meal Revolution. Ushauri alioutoa mtandaoni mwaka 2014 kuhusu chakula cha watoto ulimfikisha mbele ya baraza la taaluma ya afya, na mwaka 2017 akaonekana hana hatia. Wafuasi wa mlo huo hujaza sahani siagi na krimu, ingawa Banting mwenyewe alikatazwa siagi na aliruhusiwa kipande cha tosti kavu.

Biltong iliwafaa wafuasi hao bila kubadilika sana: ina protini tele na karibu haina wanga. Tatizo ni sukari. Mapishi mengi ya zamani huweka kidogo ya kahawia, na nyama kavu za viwandani mara nyingi huwa na nyingi zaidi. Kwa hiyo watu wamerudi kuianika nyumbani, katika sanduku lenye matundu na balbu chini yake. Hewa ya moto hupanda na kutoka na unyevu. Kwa siku chache nyama huwa tayari, nao huila kama kitafunio.

Chumvi nayo haijapungua. Kilo moja ya nyama hupakwa gramu 20 hivi, kisha nyama hupoteza takriban nusu ya uzito wake ilhali chumvi haiondoki na mvuke. Kaburu aliyeitafuna biltong akiswaga maksai juani aliitoa chumvi hiyo kwa jasho. Mla biltong wa leo ameketi mbele ya kompyuta, tena anaila kati ya mlo na mlo.