Zepelini Iliyotumwa kwa Lettow

Ukivuka daraja la Kilombero kutoka Ifakara, barabara inashika njia ya milima ya Mahenge. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, huko juu ndiko Wajerumani walikojichimbia, wakila mpunga wa bonde, mizigo yao ikipandishwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Tarehe 9 Oktoba Wabelgiji waliingia Mahenge. Kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Tafel kikaelekea kusini kumtafuta Lettow-Vorbeck, kamanda wao mkuu.

Majuma sita baadaye, kule Jamboli, Bulgaria, jeshi la majini la Ujerumani, likitaka kumpelekea Lettow msaada, lilirusha kitu ambacho ukikisimulia kijiweni utaambiwa umetia chumvi: zepelini L59, meli ya angani yenye urefu wa mita 226, tumbo limejaa haidrojeni, shehena tani 15 hivi za risasi, dawa, bendeji na bunduki za rashasha 30. Haikutarajiwa kurudi. Ingetua uwanda wa Makonde na kuvunjwavunjwa, kitambaa chake kishonwe mahema. Chombo chenyewe nacho kilikuwa mzigo!

Iliondoka 21 Novemba na watu 22, kiongozi wao Ludwig Bockholt. Ikavuka Mediterania, ikaingia Misri. Jangwani injini ya mbele ikafa, nayo ndiyo iliyotoa umeme wa kupeleka ujumbe wa redio. Tangu hapo L59 ilikuwa na masikio, haina mdomo. Usiku wa kuamkia 23 Novemba, magharibi ya Khartoum, masikio hayo yakapokea amri: rudini, Lettow amekwisha poteza ardhi yake karibu yote. Wapo wanaoshikilia kwamba Waingereza ndio waliotuma ujumbe huo kwa hila. Hadithi tamu, lakini amri ilikuwa ya Wajerumani wenyewe.

Ilitua Jamboli 25 Novemba, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Siku hiyohiyo Lettow alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Siku tatu baadaye Tafel, njaa imemshika, akasalimu amri kabla ya kumfikia.

Vitabu vingi vinaishangaa safari hiyo, na ni haki yake. Mimi nawakumbuka wapagazi waliotolewa vijijini: wao hakuna redio iliyowaita warudi.

L59 iligeuzwa kuwa ya kudondosha mabomu. Tarehe 7 Aprili 1918, ikiwa juu ya mlango-bahari wa Otranto, kusini mwa Italia, ililipuka ikaanguka baharini. Wote 21 waliokuwemo walikufa, Bockholt akiwa mmoja wao.