Mtoto kuchelewa kutembea na hofu ya ugonjwa wa akili katika ukoo: Ukweli ni upi?

KATIKA Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, si ajabu kumwona mama akihudumia wateja huku mtoto yu mgongoni au ameketi juu ya gunia kibandani. Wapita njia hawakosi la kuuliza: Ameanza kutambaa? Mbona wa jirani tayari anasimama dede?

Maswali hayo ni ya kawaida. Hata hivyo, kwa mzazi ambaye katika ukoo wake mna mtu aliyewahi kulazwa Mathari, hospitali kuu ya magonjwa ya akili nchini, huwa mazito. Mtoto akichelewa kidogo kuketi au kutembea, minong'ono huweza kuanza sokoni na kufika mitaani Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo: "Ni yale yale ya mjomba wake."

Je, mwili wa mtoto huonyesha mapema kwamba atakuja kuugua akili? Sayansi ina jibu, lakini si lile linalonong'onwa.

Urithi ni wa kiasi gani?

Skizofrenia ni ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kushikilia imani zisizo na msingi. Humpata takriban mtu 1 kati ya 100 maishani. Kwa mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaugua, uwezekano hupanda hadi karibu 10 kati ya 100. Maana yake ni kwamba watoto 9 kati ya 10 wa aina hiyo hawapatwi na ugonjwa huo. Hata kwa pacha wa kufanana, mmoja akiugua, takriban nusu au zaidi ya wenzao hubaki salama.

Aidha, hakuna jeni moja inayosababisha ugonjwa huu. Zipo nyingi, kila moja ikiwa na mchango mdogo. Utafiti wa NeuroGAP-Psychosis, ulioanza kuandikisha watu mwaka wa 2018 nchini Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ulianzishwa kwa sababu tafiti nyingi za awali zilitegemea watu wenye asili ya Ulaya. Humu nchini ulishirikisha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, Kilifi.

Yaliyobainika ng'ambo

Daktari Barbara Fish alianza mwaka wa 1952 jijini New York kufuatilia watoto wachache tangu kuzaliwa, wakiwemo wa akina mama wenye skizofrenia. Aligundua kwamba ukuaji wa baadhi yao haukuwa na mpangilio wa kawaida: mara ukasimama, mara ukaruka mbele.

Nchini Uingereza, watoto waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1946 walifuatiliwa hadi utu uzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1994 yalionyesha kwamba waliokuja kuugua skizofrenia walikuwa wamechelewa kutembea kwa wastani wa mwezi mmoja na siku chache. Watafiti wa Finland, waliofuatilia watoto waliozaliwa kaskazini mwa nchi hiyo mwaka wa 1966, walipata mwelekeo kama huo kuhusu kusimama na kutembea.

Naye Elaine Walker wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, alikusanya filamu ambazo wazazi walikuwa wamewapiga watoto wao nyumbani. Waliokuja kuugua walionyesha kasoro zaidi za mwendo katika miaka miwili ya kwanza kuliko ndugu zao waliobaki wazima.

Nchini Denmark, utafiti uliowapima watoto 522 wa umri wa miaka 7 ulibaini kwamba wale ambao wazazi wao wana skizofrenia walikuwa nyuma katika ustadi wa viungo. Watoto wa wazazi wenye ugonjwa wa bipola hawakutofautiana na wengine.

Zipo pia alama ndogo za maumbile, kwa mfano kaakaa lililoinuka sana, masikio yaliyokaa chini au mstari mmoja katika kiganja. Orodha ya alama hizo ilitungwa mwaka wa 1968 na Mary Waldrop na wenzake. Wataalamu huzichunguza kwa kuwa ngozi na ubongo huchipuka kutoka tabaka moja la mimba changa, hivyo kinachovuruga kimoja huweza kuvuruga kingine.

Si hukumu

Hapa ndipo wengi hukosea. Matokeo hayo yote ni ya wastani wa makundi, si utabiri kwa mtoto mmoja. Tofauti ya mwezi mmoja haionekani kwa macho, na wengi mno wanaochelewa kutembea hawaugui kamwe. Vivyo hivyo, mstari mmoja kiganjani hupatikana kwa watu wengi wenye afya njema. Hakuna daktari anayeweza kumpima mtoto mchanga miguu au masikio akasema huyu ataugua akili.

Malezi nayo yana nafasi yake. Mwaka wa 1976 mtafiti Charles Super alieleza kwamba watoto wa Kipsigis aliowachunguza humu nchini waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwafunza makusudi. Katika kutambaa, ambako hakukufunzwa sana, hawakuwatangulia. Mtoto anayeshinda amefungwa mgongoni kibandani hana nafasi sawa na anayeachwa sakafuni ajaribu.

Vipimo vya kufuata

Mwaka wa 2006, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa viwango kutokana na watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kuketi bila kushikwa hutokea kati ya miezi 4 na 9, kusimama peke yake kati ya miezi 7 na 17, na kutembea peke yake kati ya miezi 8 na karibu 18. Wapo watoto wachache wazima wasiotambaa kabisa.

Mzazi afike kliniki bila kuchelewa iwapo mtoto haketi baada ya miezi 9, hatembei akitimiza miezi 18, amelegea au kukakamaa mwili, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, au amepoteza alichokuwa amekijua.

Mara nyingi chanzo huwa kingine kabisa: utapiamlo, matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa watoto wachanga au homa ya uti wa mgongo. Baadhi ya hayo hutibika, na siku zinazopotea katika minong'ono ndizo ambazo mtoto angesaidiwa.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, amweleze mhudumu wa afya historia ya ukoo bila aibu. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Ajazwe kila mtoto apelekwapo kupimwa uzani.

Pili, mama anayetumia dawa za akili asiziache ghafla apatapo mimba, bali amwone daktari mapema. Dawa ya valproeti, itumiwayo kutibu kifafa na bipola, hujulikana kudhuru ubongo wa kijusi, na inaweza kubadilishwa kwa nyingine.

Tatu, mzazi mgonjwa atibiwe. Mama aliyezongwa na sonona huwa hana nguvu za kucheza na kuongea na mwanawe, na hilo lenyewe huchelewesha ukuaji. Nyanya, shangazi au jirani wa kibanda cha pili akimshika mtoto kwa saa chache, amefanya kazi kubwa kuliko anayenong'ona.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kuzibwa hapa ni hali ya mtoto aliyeko leo, si ugonjwa unaobuniwa kwa kutazama ukoo wake.