Ugonjwa wa Tourette

Ugonjwa wa Tourette ni hitilafu ya ubongo inayomfanya mtu apepese macho, akunje uso, arushe bega, agune au aropoke neno bila kukusudia. Vitendo hivyo huitwa tiki. Aliyeueleza ni Georges Gilles de la Tourette, daktari Mfaransa, aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Kuropoka matusi, ambako wengi hudhani ndiyo dalili yake kuu, huwapata wachache tu.

Huanza utotoni, mara nyingi kati ya miaka 5 na 7, hukolea kuelekea balehe, kisha kwa wengi hupungua. Wavulana huupata zaidi ya wasichana. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Daktari husikiliza na kutazama: tiki kadhaa za viungo, walau moja ya sauti, na zaidi ya mwaka mmoja tangu zianze.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa kiasi kikubwa, kupitia jeni nyingi. Kasoro iko katika njia zinazounganisha gamba la ubongo na sehemu za ndani zinazoratibu mwendo, na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, inahusika. Kwa miaka mingi wataalamu waliilaumu nafsi ya mgonjwa au malezi ya mama yake. Katika miaka ya 1960 dawa ya haloperidoli ilipoonekana kutuliza tiki, Arthur na Elaine Shapiro wa Marekani walishikilia kwamba tatizo ni la ubongo. Hata hivyo watoto wangali wanaadhibiwa darasani, kwa sababu mtoto huweza kuizuia tiki kwa muda mfupi, kama mtu anavyobana chafya, na mwalimu huona anafanya makusudi. Adhabu humwongezea hofu, na hofu huzidisha tiki.

Hakuna dawa ya kuuponya, na wengi hawahitaji dawa yoyote. Tiki zikiumiza au zikizuia masomo, tiba ya kwanza ni mafunzo ya tabia: mgonjwa hujifunza kuihisi tiki inapokaribia na kufanya tendo jingine lisiloweza kwenda nayo pamoja. Zipo pia dawa za klonidini, risperidoni na aripiprazoli. Mbili za mwisho huweza kuongeza uzito. Upasuaji wa kuweka nyaya za umeme ubongoni, uliojaribiwa tangu 1999, ni wa wachache walioshindwa na tiba nyingine. Wagonjwa wengi pia hawatulii, hawawezi kumakinika, au huandamwa na mawazo yasiyokoma. Mara nyingi hayo ndiyo yanayowatesa zaidi, nayo yatibiwe kwanza.