Nyasi Chini, Udongo Juu: Tarehe ya Matuta ya Kulimia

Mtu anayekusudia kufanya matuta mapya ya mboga uani kwake, akayapima kwa kamba na kuyainua kwa jembe ili apande mchicha, bamia au bilingani, aghalabu hudhani kwamba kazi yake ni ndogo mno hata isiwe na tarehe. Dhana hiyo si sahihi. Tuta ni jawabu la swali lililowashughulisha wakulima wa nchi zetu karne kwa karne: udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba ambao kina chake pengine hakizidi shubiri moja, utahifadhiwaje usichukuliwe na maji ya mvua, na ukiisha kuchoka utarudishiwaje nguvu zake? Waliolijibu swali hili kwa subira waliacha mashamba yaliyolisha vizazi na vizazi. Waliotaka kulijibu kwa amri na faini waliacha uchungu na mavuno haba.

Mfano ulio mkongwe kupita mingine ninayoitaja hapa uko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania. Hapo, kati ya yapata karne ya 15 na karne ya 18, watu waliokaa katika vijiji vya ngazi za mawe waliyakinga maji ya vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayaongoza kwa mifereji mpaka mashambani, ambako eneo lililogawanywa kwa kuta fupi za mawe lakaribia hekta 2,000. Mtama ulikuwa miongoni mwa mazao yao. Wachunguzi wa mambo ya kale walipozichimba kuta hizo waliona kwamba baadhi yake hazikuwa mipaka tu, bali zilikuwa mitego ya udongo: maji yalipopungua kasi nyuma ya ukuta yaliacha tope lenye rutuba, na tope hilo likarundikana hata kiwanja kikawa tambarare, kinene na chenye kulimika. Wakulima wa Engaruka, katika nchi kavu iliyojaa mawe, walijifanyia udongo wao wenyewe kwa auni ya maji, nao wakauweka palipostahiki, yaani juu.

Kusini mwa nchi hiyo hiyo, katika milima ya Mbinga, Wamatengo walilijibu swali kwa njia nyingine, ambayo hata leo ingali hai. Katika karne ya 19, Wangoni walipoenea katika nchi ya Songea na vita kushika kasi, Wamatengo wengi walisongamana milimani, mahali penye miteremko mikali na nafasi haba, pasipowezekana kuhama kila ardhi ichokapo. Dhiki hiyo iliikuza na kuieneza kazi ya ngoro. Mvua za masika zikielekea kwisha, mnamo mwezi wa Machi, nyasi na magugu hufyekwa na kuachwa yanyauke. Kisha hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayopishana, hata mteremko mzima ukagawanyika kuwa miraba. Hapo huja kazi ya majembe, ambayo kwa desturi ni ya wanawake: udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupiwa juu ya zile nyasi, nyasi zikafunikwa na kuwa kiini cha tuta, na mahali palipochimbwa pakabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta. Na mwishoni mwa mwaka, mvua mpya zikiisha kunyesha, hufuata mahindi katika matuta yale yale, nayo magugu ya palizi hutupwa mashimoni yaoze.

Yafaa kuitafakari hekima iliyomo katika kazi hiyo, kwa maana kila sehemu yake ina sababu. Shimo huyapokea maji ya mvua na kuyazuia yasitelemke kwa nguvu, hata yakazama taratibu. Udongo unaomomonyoka kutoka tutani hauendi mbali, bali huangukia shimoni na kungoja msimu utakaorudishwa juu. Na nyasi zilizozikwa huoza polepole zikawa chakula cha maharage, na baada ya maharage chakula cha mahindi. Hivyo mlima ambao macho ya mgeni yangeuhukumu kuwa haulimiki umelimwa mwaka kwa mwaka pasipo kuchakaa. Wala siri hii haikuwa imefichika kwa watawala wa Kiingereza, kwani mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa makala ya A. H. Pike juu ya namna Wamatengo walivyouhifadhi udongo wao.

Wafipa nao, katika uwanda wao wa juu karibu na Sumbawanga, waliifikia kanuni ile ile kwa njia yao. Nchi yao ni ya nyasi nyingi na miti michache, basi hawakuwa na matawi ya kutosha ya kuchoma ili majivu yawe mbolea kama walivyofanya baadhi ya majirani wao. Badala yake walizitumia nyasi zenyewe: kabla ya mvua kwisha walizipindua kwa jembe pamoja na udongo wake, wakazifunika katika vichuguu vya mviringo viitwavyo ntumba, ambavyo maharage yaliweza kupandwa juu yake, na mvua za mwaka uliofuata zilipokuja, vichuguu vilibomolewa, udongo uliokwisha kuiva ukatandazwa shambani, ukapandwa ulezi. Tuta la Ufipa, kwa hiyo, lilikuwa jungu la kuupikia udongo, na mpishi wake alikuwa muda.

Katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, baadhi ya wakulima walikuwa na matuta yao ya ngazi: vidato vyembamba vilivyoukata mteremko, ambavyo magugu na mabua yalilazwa juu yake na kufunikwa kwa udongo uliovutwa kutoka kidato cha juu. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika, ikiwa na hofu ya mmomonyoko, hofu ambayo yenyewe haikuwa batili, iliyapitisha kando maarifa hayo ikaleta mpango mkubwa wa kuitumia ardhi ya Uluguru, na katika mpango huo watu walilazimishwa kuchimba vidato vipana vya tambarare mlimani. Kuchimba kidato kipana katika mlima mkali ni kuupindua mlima: udongo wa juu huzikwa chini, na udongo mkavu usio na rutuba hufunuliwa upande ule unaopokea mbegu. Katika ardhi ambayo rutuba yake ni utando mwembamba tu, matokeo yalikuwa dhahiri. Watu walitoa jasho lao kwa shuruti, kisha wakayaona mazao yao yakidhoofika. Ghadhabu ilipanda hata mwezi wa Julai 1955, katika nchi ya Matombo, ikazuka ghasia, askari wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Baada ya hapo mpango ukaachwa.

Usambara nako, ambako mpango wa bonde la Mlalo ulianza mwaka 1946, watu walitakiwa kwa sheria kuinua matuta katika mashamba yao, na waliokataa walitozwa faini. Neno la matuta likawa neno la uchungu vijijini, na chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka 1954, kilipata wasikilizaji wengi milimani miongoni mwa watu waliochoshwa na amri hizo. Insafu yatulazimu kusema kwamba wakulima hao hawakuupinga uhifadhi wa udongo. Walipinga kazi iliyoamriwa na watu wasioujua udongo wao, ambayo iliwagharimu sana na kuwarudishia kidogo.

Zama zetu zimeleta mafunzo mengine, na miongoni mwake ni kuchimba tuta mara mbili. Njia hii ina nasaba na bustani za mboga za Paris za karne ya 19, zilizonenepeshwa kwa samadi ya farasi wa mji ule. Nayo ilifundishwa nchini Kenya katika kituo cha kilimo cha Manor House, karibu na Kitale, kilichofunguliwa mwaka 1984. Mkulima huchimba handaki fupi, akautenga kando udongo wa juu, akaulegeza wa chini pasipo kuutoa, akatia mboji au samadi, kisha akaufunika kwa udongo wa juu wa handaki linalofuata, akaendelea hivyo hata mwisho wa tuta. Tazama jinsi kanuni ilivyo moja: kila tabaka hubaki mahali pake, nacho kiozacho hurudishwa ardhini. Mwanamke wa Kimatengo ashikaye jembe mteremkoni angemwelewa mwalimu wa Kitale pasipo mkalimani, naye angekuwa na mengi ya kumwongezea.

Basi anayetengeneza matuta mapya nyumbani kwake anaingia katika kazi yenye wazee wake, na yampasa aingie kwa adabu. Auchunguze kwanza udongo wake kabla ya kuuamrisha, ajue weusi wake unaishia wapi na maji ya mvua hupitia wapi. Asizichome nyasi alizofyeka wala asizitupe jaani, bali azilaze chini na kuzifunika, azipe muda ziive. Asikubali, kwa ajili ya unyoofu wa kupendeza macho, kuupandisha juu udongo uliokufa na kuuzika ulio hai. Maarifa haya yalipatikana katika dhiki, yakahifadhiwa kwa mikono ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote, na yakapuuzwa na wenye mamlaka kwa hasara iliyoonekana na wote. Nasi tuliorithi hatuna udhuru wa kuyapuuza tena, wala hatuhitaji milima ya Mbinga ili kuyatumia, kwa sababu hata uwanja wa hatua nne nyuma ya jiko watosha.