Kabla ya Ufito Kulikuwa na Kidole

Ukifungua Wikipedia ya Kiswahili utakutana na neno "urambazaji". Wengi tunalipita tu, lakini asili yake ni baharini. Kurambaza ni kuvua kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya chombo. Yaani wazee wa Mji wa Kale walirambaza zamani, kabla yetu sisi na simu zetu.

Siku hizi nikikaa Mama Ngina jioni, nasikia vijana wakibishana: ufito gani kwa chambo gani? Ati swali limekuja na meli juzi.

Majibu yao si mabaya. Chambo bandia cha kupiga maji juu, kile cha kumchokoza kolekole, chataka ufito mrefu wa kurusha mbali. Kipande cha chuma kinachoshushwa hadi mwambani kisha kikapandishwa kwa kutikiswa, chataka ufito mfupi na mgumu. Kile chenye mdomo wa plastiki, kinachozama ukikivuta, chataka ufito unaopinda taratibu. La sivyo ndoana itampasua samaki mdomo, aende zake.

Lakini mvuvi wa mshipi naye alikuwa na ufito: mkono wake. Kidole cha shahada ndicho ncha, kiwiko ndicho kinachopinda. Akitafuta changu, alichukua mshipi mwembamba na risasi ndogo, kidole kikisikiliza. Akimrambazia nguru, mshipi mnene, na waya karibu na ndoana kwa sababu ya meno. Mkono ulimwachia kwanza, kisha ukakaza. Ami yangu alikuwa akiniambia, "Mwanangu, samaki humuoni, wamsikia."

Vifaa vimebadilika, tena sana. Mishipi ilikuwa ya uzi wa pamba. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, katika maabara ya DuPont, ikatufikia baadaye. Fito za kuvulia samaki wakubwa nazo zilikuja na wageni wa starehe. Ernest Hemingway alishuka Mombasa Desemba 1933, akaenda bara kuwinda, kisha mwaka 1934 akarudi pwani kuvua.

Hapo ndipo hadithi yetu ilipogawanyika. Kwenye uvuvi wa starehe, mwenye ufito ndiye anayepigwa picha na samaki wake, jina likaandikwa. Anayejua nguru hupita wapi wakati wa kaskazi huwa mfanyakazi wa mashua tu. Ujuzi uko kwake, sifa ziko kwa kifaa. Na sisi vijana wa hapa hapa tumeurithi mtazamo huo: twamuuliza muuza duka kabla ya kumuuliza mzee aliye forodhani.

Sisemi tutupe fito. Nasema kabla hujanunua, vua kwanza kwa mshipi mtupu, mwezi mzima, maji ya bamvua na maji mafu. Utajua mkono wako umepungukiwa na nini: umbali, nguvu, au ulaini. Hicho ndicho ukanunue.